Jioni Bwana Karai Alipopika Bila Karai

Kuna maneno yanazunguka mtaani kwetu, na kwa kuwa yamekwisha kufika saluni hayatarudi tena. Wanasema shemeji yangu alitaka kumhadaa muuguzi wa watu kwa chipsi za kununua. Udanganyifu ulikuwepo, sikatai, lakini mwenye nao si yeye. Nitaeleza yote kama yalivyokuwa, maana jina la ukoo wa marehemu mume wangu halijapata kutajwa mahali pabaya, na mimi ningali hai na macho yangu yanaona kalamu.

Shemeji huyu ni mdogo wake mume wangu, tumbo moja. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule. Mimi nimestaafu ualimu mkuu. Katika nyumba yetu vitabu vimejaa makabati mawili, na vikombe vya wageni haviguswi ovyo. Mdogo wake anakaanga chipsi kando ya posta, na mtaa mzima unamwita Bwana Karai. Kwa miaka mingi watu waliponiuliza habari zake nilijibu kwamba yuko kwenye huduma za chakula. Yeye mwenyewe akiulizwa husema, "Nakaanga chipsi," kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.

Na kusema kweli, anazijua. Miaka ishirini na sita amesimama mbele ya karai lile, na hatumii saa wala kijiti cha kuchomea. Anasikiliza. Viazi vibichi vikiingia kwenye mafuta hupiga makelele, kisha kelele hupungua taratibu kama mvua inayokatika, na kuna mahali fulani katika kule kupungua ambapo Bwana Karai huinua chujio lake la waya, hata kama amelipa karai mgongo na anabishana mpira na fundi seremala wa jirani. Mafuta yakianza kubadilika harufu huyamwaga, hata kama bado ni mengi. Ana mpinzani mmoja, Mzee wa Stendi, anayekaanga karibu na mabasi. Huyo, kwa maneno ya shemeji, hajamwaga mafuta tangu azaliwe, huongeza tu.

"Huyu bwana," fundi seremala aliniambia siku moja, "nikija kumchongea jeneza itabidi niweke na mishikio ya karai."

"Wewe chonga," shemeji akamjibu, "lakini usiweke misumari mifupi kama ya meza yangu."

Mkewe alifariki miaka tisa iliyopita, na binti yao ameolewa mbali. Tangu hapo Bwana Karai alikuwa anakula chakula cha jioni akiwa amesimama, chipsi za mwisho zilizobaki kwenye chujio, halafu anafunga kibanda na kwenda kulala. Nilimwalika kwangu mara nyingi. Alikuja, lakini mtu akialikwa anakula kama mgeni, na yeye alichokuwa anakikosa hakikuwa ugeni.

Kichwa kikaanza kumuuma kila siku. Nikamburuta hadi zahanati. Pale mlangoni pana muuguzi anayepima uzito na presha, mama mjane wa umri wa makamo, mrefu, na kauli zake ni fupi: "Panda. Shuka. Kaa. Kunja mkono wa shati." Wagonjwa wanamwita Mama Mizani. Hajapata kuonekana akicheka, na wapo waliopungua uzito kwa kumwogopa tu.

"Usiku unakula nini?" alimuuliza shemeji.

"Chipsi."

"Asubuhi?"

"Zilizobaki."

Mama Mizani aliweka kalamu chini akamtazama kwa muda mrefu. Nilijua ile ni dharau ya kitaalamu, na nilitamani sakafu inimeze. Shemeji yeye aliona kitu kingine. Baadaye aliniambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa mtu kumuuliza amekula nini na kungoja jibu.

Aliambiwa arudi mara moja kwa mwezi. Akawa anarudi kila Jumanne. Mara ya tatu nikaona shati limepigwa pasi. Mara ya tano nikasikia harufu ya sabuni ya maua ikishindana na ya mafuta ya kukaangia. Nikamuuliza, akatazama viatu vyake, nikajua.

Alimposa akiwa juu ya mizani. Mimi sikuwepo, la sivyo nisingeruhusu. Jambo kama lile lina wazee wake na sebule yake. Lakini alisema akishuka pale ujasiri ungeshuka naye.

"Sista," akamwambia, "mimi nataka kukuoa."

"Simama wima, namba inacheza."

"Nimesimama wima."

Aliandika uzito kwanza, kisha akasema, "Bwana wewe, mimi nimeshamzika mume mmoja kwa mafuta na chumvi. Nilimwambia, hakusikia. Sitazika wa pili. Nipikie chakula cha jioni, mbele ya macho yangu. Maharage na nyama ya kusaga kidogo, nyanya, pilipili ikae vizuri, na hizo chipsi zako unazojisifia, lakini karai lisiwepo, ziokwe. Jumamosi natoka kazini saa kumi na moja, na saa kumi na mbili niwe nakula, maana mwanamke aliyesimama kutwa hangojei sufuria mpaka asinzie. Ukiweza tutazungumza. Ukishindwa, endelea kuja kupimwa, ila mara moja kwa mwezi kama wenzako."

Akampa karatasi ya zahanati yenye maelekezo, ameandika mwenyewe kwa wino wa bluu. Mwandiko mzuri, lazima niseme. Shemeji aliikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, akaja nayo kwangu moja kwa moja.

"Shemeji, una oveni."

"Ninayo."

"Inafanya kazi?"

Nilikuwa nimehifadhi humo sufuria zangu kubwa tangu mwaka mume wangu alipofariki, lakini nilimjibu kwamba katika nyumba hii kila kitu kinafanya kazi. Sikuweza kukubali mama yule akaribishwe katika kile chumba kimoja cha shemeji ambako hata mto unanuka kitunguu. Tena ukoo ukiposa, ukoo uonekane. Nikatoa sufuria, nikasugua oveni siku nzima, nikamwambia Alhamisi aje tufanye mazoezi.

Alhamisi alikuja na kisu chake mwenyewe. Kukata viazi kwake ni kitu cha kutazamwa, kila kipande sawa na mwenzake utadhani vimevaa sare za shule. Akaviloweka kwenye maji ili wanga utoke, akavichuja, akavimwaga vyote kwenye trei, vikarundikana hadi vikaziba ukingo.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Najaza."

"Karatasi inasema kila kipande kilale peke yake, visigusane."

"Nyumba za kupanga watu wanalala sita sita, viazi ndivyo vipewe kila kimoja kitanda chake?"

"Na vimelowa. Imeandikwa vikaushwe kwa kitambaa."

"Maji yatakauka humo ndani, Mwalimu. Si kuna moto?"

Huniita Mwalimu anapoanza kushindwa. Akasukuma trei ndani, akafunga, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mlango wa oveni. Alikaa hivyo dakika nzima, uso umekunjamana.

"Haisemi kitu."

"Ni oveni, si redio."

"Sasa nitajuaje?"

"Utatazama saa."

"Saa inajua nini kuhusu viazi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tuko taabani. Mtu huyu kwa miaka ishirini na sita hakuwa anapika kwa macho, alikuwa anapika kwa masikio, na sasa ameletewa jiko bubu. Vile viazi vilitoka vimeiva kwa mvuke wao wenyewe, laini, vimeshikamana. Ukiinua kimoja unainua ukoo wote. Na mchuzi wa maharage ulikuwa na makosa ya aina nyingine, maana pilipili alipima kwa konzi, kama anavyofanya anapotengeneza ile ya chupa ya kuwekea wateja hamsini. Nilionja nusu kijiko. Nikakohoa hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama nahitaji msaada.

Shemeji akaketi juu ya ndoo. "Basi," akasema, "nitakuwa naenda mara moja kwa mwezi."

Hakuna aliyekuwa anacheka wakati huo. Nilimwona kama nilivyokuwa nawaona watoto waliofeli hesabu, siyo wale wavivu, wale waliokuwa wamejitahidi. Nikamwambia ainuke, kesho turudie, na nikamwandikia ratiba ya dakika kwa dakika nikaibandika ukutani.

Ijumaa ilikuwa nafuu. Oveni aliiacha ipate moto sana kwanza. Viazi akavikausha kwa kitambaa, kimoja kimoja, huku akinung'unika kwamba hata mwanawe hakumpangusa hivi. Akavichanganya na kijiko kimoja cha mafuta, kimoja tu, alikimimina kama mtu anayetia dawa ya macho. Akavipanga kwenye trei, kila kimoja na nafasi yake. Lakini kila baada ya dakika mbili alifungua mlango kuchungulia na joto lote likatoka kuja kusalimiana nasi. Mwisho nikaweka kiti mbele ya oveni nikakikalia mimi mwenyewe. Zilitoka nyingine nzuri, nyingine zimepauka kama zimeugua.

"Kesho zitatoka," akasema.

Nilimwambia zitatoka. Moyoni sikuwa na hakika hata kidogo.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Jumamosi adhuhuri, shemeji akiwa kwa kinyozi, nilivaa miwani ya jua, nikajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, nikaenda stendi. Nikanunua kifuko kikubwa cha chipsi za Mzee wa Stendi. Nilimwambia ni za mgonjwa. Kwenda kwenye kibanda cha posta nisingeweza, kilikuwa kimefungwa siku hiyo kwa sababu mwenyewe alikuwa anajiandaa kuposa. Nikazitia kwenye sufuria yenye mfuniko, nikaificha kabati la chini, nyuma ya unga. Nilijiambia kwamba sitazitumia. Nilijiambia pia kwamba mume wangu, angekuwa hai, asingekubali mdogo wake aaibike mbele ya mama wa watu kwa ajili ya viazi. Hili la pili halikuwa kweli, mume wangu alikuwa mkaguzi. Lakini siku ile nililiamini.

Saa kumi na moja na robo Mama Mizani akabisha hodi, bado amevaa sare za kazi, na mkoba mkubwa begani. Nilikuwa nimetandika sebule vitambaa vya kufuma. Akanisalimu kwa heshima zote, akapita sebule bila kuitazama, akaingia jikoni.

"Karai liko wapi?"

"Nimelipeleka kwa fundi seremala, Sista," shemeji akasema. Alikuwa amesimama kama askari, aproni yangu yenye maua imemfikia magotini. "Amelifungia stoo. Ufunguo anao yeye."

Mama Mizani akafungua kabati la juu, akatazama, akafunga. Akainama kwenye kabati la chini. Mkono ulikuwa umeshashika kishikio.

"Hapo usifungue," nikasema. "Pana mende."

Niliyasema hayo mimi, katika jiko langu mwenyewe. Miaka thelathini na miwili ya kutunza nyumba ile, na mende hajawahi kupita hata kwa kusalimia. Shemeji alinigeukia macho yamemtoka pima. Mama Mizani akaondoa mkono, akanawa, akasema, "Pole, Mwalimu," kwa huruma iliyonichoma hadi leo, akaenda kukaa kwenye meza ya chakula, mlango ukiwa wazi.

Shemeji akaanza. Viazi alikuwa ameshavikata na kuvikausha, trei ikaingia, nikatega kengele ya saa yangu ya mezani. Kisha vitunguu vikaingia kwenye sufuria na kijiko cha mafuta, vikalia kidogo, na uso wake ukafunguka kwa sababu hiyo ndiyo lugha yake. Kitunguu saumu. Nyama ya kusaga, akaivunjavunja kwa mwiko hadi ikabadilika rangi. Pilipili hoho mbili, nyanya nne zilizosagwa, bizari nyembamba, na pilipili kali aliyoipima kwa kijiko cha chai huku akinitazama. Mwisho maharage niliyokuwa nimeyachemsha asubuhi. Akafunika. Harufu ilitoka ikaenda hadi mezani, na nikamwona mama yule akiinua kichwa kutoka kwenye karatasi alizokuwa anasoma.

Dakika ya ishirini akavigeuza viazi, haraka, bila kuuacha mlango wazi. Nilianza kupata matumaini.

Ndipo Mama Mizani akaita, "Njoo hapa kidogo, bwana. Nikupime kabla hujala."

Akatoa kipimo cha presha kwenye mkoba. Shemeji akaketi, akakunja mkono wa shati.

"Sista, viazi viko—"

"Usizungumze napima."

"Ila dakika—"

"Ukizungumza inapanda. Tunaanza upya."

Walianza upya mara tatu, maana kila mara alishindwa kujizuia akafungua mdomo. Mimi jikoni nilisikia kengele ya saa, nikafungua oveni, na moshi ukanipiga usoni. Upande wa nyuma zilikuwa nyeusi. Upande wa mbele bado zimepauka. Katikati sikutazama hata kidogo. Nikafanya nilichofanya. Trei nikairudisha ndani, nikazima moto, nikafunga. Sufuria ikatoka kabatini. Chipsi za stendi zikaingia kwenye bakuli langu jeupe la wageni, nikanyunyiza majani ya giligilani juu yake ili zionekane za nyumbani, nikapeleka mezani pamoja na mchuzi.

"Zimetoka!" shemeji akasema, sauti imekwaruza kwa furaha. Alinitazama kama nimemzaa.

Alimpakulia mgeni kwanza. Kisha akachukua chipsi moja, akaitia mdomoni, akatafuna mara mbili, akaacha.

"Hizi si zangu."

"Shemeji, kula," nikasema, nikampiga teke chini ya meza.

"Shemeji, usinipige teke. Hizi si zangu." Akatoa nyingine, akaivunja karibu na sikio, akasikiliza. "Za Mzee wa Stendi hizi. Na ni mafuta ya Jumatano."

Mama Mizani akasogeza sahani pembeni. Alichukua karatasi ya kupangusia mikono, akaweka chipsi moja juu yake, akaibonyeza kwa kidole. Doa la mafuta likatambaa hadi likaonyesha meza upande wa pili. 

"Kwa nini umesema?" akamuuliza. "Mimi nilikuwa nakaribia kukwambia ni nzuri."

"Ndiyo sababu."

"Sababu gani? Ungenyamaza, ungekuwa umeshinda."

"Mama," shemeji akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuacha kumwita Sista, "ningenyamaza ungeolewa na Mzee wa Stendi. Mimi ningebaki pale posta nawapigia makofi."

Sauti iliyotoka kwa Mama Mizani sikuitambua mara moja. Nilidhani amepaliwa. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akavua miwani, akajifuta macho kwa ile karatasi yenye mafuta, akaitupa, akatafuta nyingine. Shemeji alimtazama mdomo wazi, asijue kama amepona au amekufa.

Nikasimama. Nimesimama mbele ya wanafunzi mia nane, mbele ya wazazi wenye hasira, na mbele ya wakaguzi, akiwemo mmoja aliyenioa baadaye. Haikuwa rahisi hivyo. "Mimi ndiye niliyezinunua," nikasema. "Leo mchana, kwa siri. Shemeji hajui lolote. Nilihofia jina la nyumba hii, na nimelichafua mimi mwenyewe. Kama kuna mtu wa kukataliwa hapa, ni mimi, na mimi siposi."

"Na mende je, Mwalimu?"

"Hakuna mende. Hajawahi kuwapo mende."

"Afadhali," Mama Mizani akasema. "Nilikuwa nimeanza kula kwa wasiwasi. Haya, zake ziko wapi?"

Nikaleta trei kama ilivyokuwa. Niliiweka katikati ya meza juu ya kitambaa cha kufuma, sikujali. Shemeji aliinamisha kichwa. Nyuma makaa, mbele maiti. Lakini mama yule alivuta trei karibu, akachukua uma, akaanza kuzichambua kama anavyochambua kadi za wagonjwa. Nyeusi huku, zilizopauka kule. Katikati zikabaki kumi na nne, rangi ya dhahabu, kingo zimekauka, na alipoigonga moja kwenye ukingo wa sahani ililia.

Shemeji akainua kichwa ghafla. "Hiyo imeiva," akasema.

"Naona."

Saba akaziweka kwenye sahani ya shemeji, saba kwenye yake. Zilizopauka akazirudisha kwenye trei. Zile nyeusi akazisogeza zote kwangu. Nilizila. Nilizila mpaka ya mwisho bila kunung'unika, kwa kijiko cha mchuzi, na mchuzi kwa kweli ulikuwa mzuri, mzito, pilipili inakuja taratibu baada ya kumeza na inakaa pale pale inapotakiwa.

"Chumvi haitoshi," Mama Mizani akasema.

"Ndivyo ulivyoandika."

"Najua nilivyoandika." Akajipakulia tena bila kukaribishwa. "Na umechelewa. Sasa ni saa kumi na mbili na dakika kumi."

"Dakika tisa zilikuwa zako, kwenye kipimo."

"Unabishana na mimi?"

"Nahesabu tu, mama."

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Kwa kuwa mkubwa wa ukoo ni mimi, nilijua ilinipasa niseme maneno mawili matatu juu ya familia zetu, elimu, uaminifu, na jinsi wakwe watakavyopokewa. Nikakohoa, nikaanza, "Kwa niaba ya marehemu mume wangu na ukoo mzima—"

"Mwalimu," akanikatiza, "hebu nisogezee lile bakuli la mchuzi."

Nikalisogeza. Hotuba ile haijapata kusomwa mahali popote, nayo ilikuwa nzuri.

Walipomaliza, shemeji akamsindikiza hadi getini, jua likiwa linazama. Mimi nilibaki dirishani, nyuma ya pazia. Sitaomba radhi kwa hilo, ni dirisha langu, na jambo lilikuwa la ukoo.

"Jumamosi ijayo uje kwangu," Mama Mizani akasema. "Utakaa, mimi nitapika."

"Mimi nifanye nini?"

"Uonje, useme. Tangu nianze kupika hakuna mtu aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu chakula changu. Marehemu alikuwa anaongeza chumvi kimyakimya. Watoto walikuwa wananiogopa."

Shemeji akashika komeo la geti. "Na kikiwa kibaya?"

"Utasema."

"Nitasema."

"Halafu utakula."

"Nitakula," Bwana Karai akajibu, "kila siku, nikiwa nimekaa."

Mama Mizani akahamisha mkoba kutoka bega la kulia kwenda la kushoto. Akampa shemeji aushike, wakaanza kutembea.